Video safi nayo ichunguzwe

Na Tatu Mwinyikondo

Kila baada ya miezi michache huzuka kipande cha video mitandaoni: mtoto wa miaka minne au mitano, katikati ya duara la watu wazima, anakata kiuno kwa singeli huku akibandikwa noti kwenye paji la uso. Kwa siku mbili hatuna habari nyingine. Wapo wanaocheka, wapo wanaouliza wazazi wako wapi, na mwishowe lawama humwangukia msanii, kisha Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), kisha utandawazi, ambao haujawahi kupata wakili. Halafu tunasahau mpaka kitoke kipande kingine. Kelele hizo zina ukweli ndani yake, lakini zinatuachia imani yenye hasara: kwamba ukishaondoa matusi na viuno, kazi ya kumchagulia mtoto burudani imekwisha. Mimi naona hapo ndipo inapoanza. Uchafu wa video za wakubwa tunaupigia kelele kila siku; ubovu wa video zinazoitwa za watoto tunauacha upite bila swali, kwa sababu una rangi nzuri na sauti nyembamba.

Vyombo vyetu vya usimamizi vimekuwa vikifanya kazi kwa imani hiyohiyo. Februari 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilivitaka vituo vya utangazaji viache kupiga nyimbo kadhaa zilizotajwa kuwa hazina maadili. Novemba mwaka huohuo BASATA ikaufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz. Nchini Kenya, kanuni za utangazaji zinataka vipindi vya kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku viwe vile ambavyo familia nzima inaweza kuvitazama pamoja. Hatua hizi sizidharau. Tatizo ni kwamba zinamhusu mwenye kituo, ilhali mtoto wa leo hatazami kituo. Anatazama simu ya mama yake, na kwenye simu hakuna saa 4 usiku. Zaidi ya hapo, marufuku hujibu swali moja tu, la nini kisionekane. Kuhusu kinachofaa kuonekana, na kwa namna gani, marufuku hayana neno.

Kabla ya kwenda huko, niwajibu wale wanaosema kwamba hata huo uchafu tunaukuza bure, kwa kuwa mtoto haelewi maneno. Ni kweli, mafumbo ya mahaba ya Bongo Fleva humpita juu ya kichwa. Lakini mtoto mdogo hajifunzi kwa maneno kwanza. Mwanasaikolojia Albert Bandura alilionyesha hilo Marekani miaka ya 1960: watoto wadogo waliotazama filamu ya mtu mzima akimpiga mwanasesere walipoachwa naye chumbani walimpiga vilevile. Jaribio lake la 1965 ndilo lenye funzo kubwa zaidi kwetu. Watoto walioona mpigaji akiadhibiwa mwishoni mwa filamu walimwiga kidogo kuliko wale waliomwona akizawadiwa, na mzazi angeweza kupumua kwamba somo la adabu limeingia. Ndipo wakaahidiwa zawadi kwa kila tendo watakalolikumbuka, na tofauti ikatoweka. Kumbe wote walikuwa wamejifunza sawasawa. Waliojizuia walikuwa wakisubiri tu kujua kama inalipa. Sasa mrudie yule mtoto wa kwenye duara. Haelewi wimbo, lakini noti anazielewa, na vicheko vya shangazi zake anavielewa vizuri sana. Anayemtunza leo na kumkanya kesho, mtoto ameshajua lipi kati ya hayo mawili lina faida.

Kwa hiyo tukubaliane kwamba usafi ni sharti. Sasa tuitazame hiyo video safi. Mwaka 2022 gazeti la New York Times lilieleza jinsi kampuni ya Moonbug ya London, wamiliki wa katuni za watoto za CoCoMelon, inavyopima video zake. Mtoto huketishwa mbele ya skrini inayoonyesha katuni, na pembeni huwekwa skrini nyingine inayoonyesha mambo ya kawaida ya nyumbani, kwa mfano mtu anamimina kahawa. Kila mara mtoto anapoiacha katuni na kugeukia ile ya pili, mpimaji huandika. Isome tena taratibu. Mtu anayemimina kahawa ni maisha yenyewe, ni mama jikoni, na video imetengenezwa ili mtoto asigeuke kumtazama. Hakuna tusi ndani yake, hakuna kiuno, hakuna bodi ya filamu duniani itakayoifungia. Imefanya tu kile ilichokusudiwa, nasi tunashangaa mtoto anapolia simu ikichukuliwa.

Je, kuna madhara, au ni hofu ya watu wa makamo? Mwaka 2011 Angeline Lillard na Jennifer Peterson wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwagawa watoto 60 wa miaka minne katika makundi matatu. Kwa dakika tisa kundi moja lilitazama katuni ya haraka yenye vituko visivyowezekana, la pili likatazama katuni ya elimu yenye mwendo wa taratibu, la tatu likachora. Kisha wote wakapewa kazi za kupima uwezo wa kujizuia na kushika maelekezo, kama kugusa vidole vya miguu unapoambiwa ushike kichwa, au kusubiri chakula kitamu kilicho mbele yako. Waliotazama katuni ya haraka walifanya vibaya kuliko makundi yote mawili. Kipimo kilichukuliwa papo hapo baada ya kutazama, kwa hiyo hakituambii lolote kuhusu mtoto huyo akifika darasa la tatu, na anayekitumia kutishia wazazi kwamba akili za watoto zimeharibika milele anazidisha chumvi. Majaribio yaliyofuata ya Lillard, mwaka 2015, yalionyesha pia kwamba mzigo mkubwa ulikuwa vile vituko visivyowezekana kuliko kasi. Hata hivyo kwa mzazi anayemwasha mtoto video asubuhi kabla ya kumpeleka chekechea, dakika hizo chache baada ya kutazama ndizo dakika ambazo mwalimu anamwambia akae atulie.

Basi nzuri ikoje? Hapa hatuhitaji kwenda mbali, maana moja ya kazi bora za aina hii barani Afrika inatengenezwa Dar es Salaam. Ubongo, walioanza na Ubongo Kids kwenye TBC1 mwaka 2014, wana kipindi cha watoto wa umri wa chekechea kiitwacho Akili and Me. Akili ni msichana wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro, na akilala huingia katika nchi ya ndoto anakojifunza na marafiki zake wanyama. Mwaka 2018 mtafiti Dina Borzekowski wa Chuo Kikuu cha Maryland alichapisha matokeo ya kazi yake na watoto wa chekechea wa Morogoro: waliokitazama kipindi hicho walisonga mbele kuliko wenzao katika kuhesabu, kutambua namba na maumbo, kuchora, na hata Kiingereza. Jambo la kuangalia ni namna kinavyoimba. Nyimbo zake zina jambo moja kila wimbo, mwendo ambao mtoto anaweza kuufuata, na mapengo ya kimya yaliyoachwa makusudi ili mtazamaji ajibu. Ukimpita mtoto anayekitazama utamsikia akiongea na skrini. Hicho ndicho kipimo changu, na hakihitaji shahada: sikiliza kama mtoto ana sauti. Video inayomfanya aitikie, anyanyuke, ahesabu, aimbe kabla ya muimbaji, inamtaka kitu. Ile inayomwacha mdomo wazi na macho yamekauka haimtaki lolote ila asiondoke.

Wazazi wengi huingiwa na wasiwasi mtoto anapodai wimbo uleule kwa mara ya ishirini. Wasiwasi huo hauna msingi. Watengenezaji wa kipindi cha Marekani cha Blue's Clues walikuwa wakirusha kipande kilekile siku tano mfululizo, na watafiti waliofuatilia watoto wa miaka mitatu hadi mitano waliona kuwa kadiri kipande kilivyorudiwa ndivyo walivyokielewa zaidi na kukiitikia zaidi. Mtoto anayerudia anasoma. Kinachochosha akili ni ile video mpya inayojileta yenyewe kabla ya iliyopita haijaisha kumwingia, na huyo siye mtoto anayechagua, ni programu. Nyimbo kumi zilizopakuliwa kwenye simu, kwa mpangilio wa mzazi, bila bando kuwashwa, zinamtosha mtoto miezi kadhaa. Na zina jambo ambalo mtandao umelifuta: zinakwisha.

Najua jibu litakalokuja kutoka Mbagala, na lina haki ya kuja. Mama lishe anayeamka saa 10 alfajiri, anayeishi chumba kimoja na watoto watatu, hana muda wa kukaa kitako kusikiliza kama mwanawe ana sauti. Simu ndiyo dada wa kazi asiyelipwa mshahara. Kumsomea mama huyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019, usemao mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini kabisa na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, ni kumwongezea lawama juu ya uchovu. Sitafanya hivyo. Lakini tazama kwamba hoja yake inaunga mkono yangu. Mzazi aliyepo pembeni anaweza kurekebisha video mbaya kwa maneno yake. Mzazi asiyekuwepo hana cha kurekebishia ila uchaguzi alioufanya kabla. Nusu saa ya kupakua na kupanga, siku moja ya mapumziko, inafanya kazi wiki nzima yeye akiwa kwenye sufuria.

Wengine hujibu kwamba video za Kiingereza, hata kama ni za haraka, angalau zinamwandaa mtoto kwa shule. Hapa ushahidi ni mkali. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Seattle waliwapa watoto wachanga wa miezi tisa vipindi 12 vya Kichina cha Mandarin. Waliochezewa na kusomewa na mtu aliye mbele yao walianza kuzitofautisha sauti za lugha ile. Waliopewa watu walewale kwenye video hawakujifunza chochote. Miaka mitatu au minne hali huwa nafuu, na ndiyo maana wale watoto wa Morogoro waliokota Kiingereza, ila waliokota ndani ya kipindi kinachowaeleza mambo kwa lugha wanayoielewa. Mtoto anayetamka rangi zote kwa Kiingereza kwa lafudhi ya California na hajui kumwomba bibi yake maji, amepata mapambo.

Katika jaribio hilo la Seattle sauti bila picha nayo haikuwafundisha wachanga lugha, na hilo nalikubali kabla sijasema nitakalosema sasa: kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, video ya muziki bora ni ile iliyogeuzwa kifudifudi mezani. Acha wimbo usikike, ficha picha. Wimbo haumfundishi mtoto mchanga kwa kujipiga wenyewe. Unamfundisha pale mtu aliye naye anapouimba, na mtu anayefua au anayekuna nazi anaweza kuimba, lakini hawezi kutazama skrini. Mwili wa mtoto nao hubaki huru. Ukuti ukuti haukuhitaji picha, ulihitaji mikono ya kushikana na mahali pa kuangukia. Radio Tanzania Dar es Salaam ililea vizazi kwa kipindi cha Mama na Mwana, sauti tupu ikisimulia hadithi, na picha kila mtoto akajichorea mwenyewe. Hili si pendekezo la kurudi nyuma, maana spika ndogo ya kuchomeka flashi leo iko sokoni kila mtaa.

Iko sehemu moja ambapo mzazi hana uchaguzi hata akitaka, nayo ni basi la mkoani. Dar es Salaam hadi Mwanza ni siku nzima, na skrini ya mbele humwaga video za mahaba na filamu za kuchinjana tangu Kibaha, mtoto akiwa amefungwa mapajani kwa mama. Hapo ndipo ningependa kuona ukali wa mamlaka zetu ukielekezwa, kwa kuwa basi ni chombo chenye leseni, lina mmiliki anayejulikana na kondakta mwenye flashi mfukoni. Masharti hayahitaji kuwa marefu: mchana, abiria wakiwemo watoto, skrini ionyeshe kinachofaa watoto au izimwe. Wanaotaka Bongo Fleva wana simu zao na visikilizi.