Fuvu la Mkwawa Lifundishe Historia

Katika makumbusho ya Kalenga, mkoani Iringa, limehifadhiwa fuvu linalotambuliwa kuwa la Mtwa Mkwawa, aliyewashinda Wajerumani huko Lugalo mwaka 1891 na kujiua mwaka 1898 ili asikamatwe. Mwanafunzi anayelitazama, akaambiwa tu kwamba huyu alikuwa shujaa, kisha akaondoka, ameona kitu lakini hakujifunza historia.

Hatupingi ushujaa huo. Tunasema kwamba fuvu lina mengi zaidi ya kufunza. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliitaka Ujerumani ilikabidhi kwa serikali ya Uingereza katika muda wa miezi sita. Lilirejea Uheheni mwaka 1954. Kwa nini lilichukuliwa? Kwa nini likabidhiwe Waingereza, wala si Wahehe wenyewe? Gavana Twining alilichagua miongoni mwa mafuvu mengi huko Bremen kwa kulinganisha vipimo. Je, ushahidi huo unatosha?

Maswali haya hayamvunjii Mkwawa heshima. Yanawafundisha vijana kupima ushahidi na kutambua ukoloni ulivyofanya mwili wa binadamu kuwa nyara. Mabaki ya mababu zetu wengine yangali Ujerumani hadi leo, na madai ya kuyarejesha yatahitaji watu wenye maarifa hayo.

Hatuna budi, basi, kuwaandaa walimu kabla ya ziara, na kuyaandika maswali haya kando ya fuvu lenyewe. Taifa lisilohoji kumbukumbu zake litasimuliwa historia yake na wengine.