Kisangani, mji wa mbao unaonunua jiko la kartoni

Katika komini ya Makiso, na sasa hata Kabondo na Mangobo, mtu anayejenga nyumba mpya hataki tena jiko la uani. Anataka jiko la ndani lenye umbo la U: kabati pande tatu, lavabo chini ya dirisha, kama lile aliloliona kwenye simu. Hapo hakuna kosa. Mama aliyepika miaka mingi akiwa ameinama, mvua ikimnyeshea mgongoni, ana haki ya kusimama wima na kukata sombe juu ya meza inayolingana na kimo chake.

Kosa linaanza pale baba wa nyumba anapofungua mfuko na kununua jiko hilo ndani ya kartoni. Limetoka ng'ambo, limepanda mto kutoka Kinshasa, safari ya kilomita karibu 1,700, au limeshuka Bangoka kwa ndege. Ndani kuna vipande vilivyotobolewa tayari, mfuko wa skurubu, ufunguo mdogo na karatasi ya michoro. Siku mbili na turnevisi, jiko limesimama. Majirani wanakuja kuangalia.

Ngoja mvua. Kisangani hupata milimita karibu 1,800 za mvua kwa mwaka, na hewa yake haikauki. Vipande vile si mbao. Ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi na kufunikwa ngozi nyembamba ya plastiki. Penye ngozi, maji hayaingii. Lakini fundi wa nyumbani amekata tundu la lavabo kwa msumeno, amekata nyuma apitishe bomba, na sehemu hizo zimebaki uchi. Ongeza ndoo za maji zinazomwagwa sakafuni kila asubuhi. Unga unakunywa, unavimba kama mkate ndani ya chai, skurubu inakosa cha kushika, na mlango unaanguka. Ubao uliovimba hivyo haurudi. Hakuna randa inayoutengeneza, na kuni hauwi, kwa sababu gundi yake haifai kuchomwa penye chakula.

Na haya yanatokea wapi? Katika mji mkuu wa Tshopo, jimbo la pori! Sapelli, ambayo wengine huiita lifaki, iko hapa. Iroko, yaani kambala, iko hapa, na kiini chake kinavumilia maji na mchwa bila dawa. Hakuna anayedai afrormosia, mti ambao biashara yake ya kimataifa iko chini ya masharti ya CITES tangu 1992, iache ipumue. Mbao zilizopasuliwa na watu wa msumeno wa mnyororo zinapita Bafwasende kuelekea Ituri, na nyingi zinavuka mpaka hadi Uganda na Kenya. Mkenya analala juu ya kitanda cha mbao za Tshopo. Mkaaji wa Kisangani anapanga sahani zake juu ya unga ulioganda.

Sasa, seremala asicheke. Yeye ndiye aliyemfukuza mteja. Anapokea malipo ya kwanza, anasema "Mama, rudi siku ya tatu", na siku ya tatu inakuwa mwezi. Ananunua ubao uliotoka porini juzi, bado unatoa maji, anaupiga randa na kuupaka vernisi. Ukikauka ndani ya nyumba unajikunja, milango inakataa kufunga, na mteja anaapa kwamba mbao za hapa ni mbaya. Mbao ni nzuri, hazikupewa muda. Ubao wa unene wa sentimita 2 na nusu unahitaji miezi kadhaa chini ya paa, umepangwa juu ya vijiti ili upepo upite kila upande. Atelie ngapi mjini zina banda la namna hiyo? Wenye mbao husema pesa haiwezi kulala. Basi wasishangae ikienda kwa muuza kartoni.

Kuna njia nyingine, na haidai ufundi mkubwa. Anayeweza kufunga kartoni kwa turnevisi anaweza pia kufunga mbao. Achukue vipimo mwenyewe, seremala akate na kupiga randa vipande kwa vipimo hivyo, kisha avifunge nyumbani. Tofauti ni kwamba hapa mbao zinafuata nyumba. Kartoni inataka nyumba iifuate, na kuta za matofali ya kuchoma hazijawahi kumtii mtu. Kona ipimwe: sentimita 60 upande mmoja, 80 upande wa pili, na kamba ya kukatiza ikitoa 100 kamili, kona imenyooka. Isipotoa, heri kujua kabla ya kukata. Kazi ianzie konani, mahali ambapo sakafu iko juu zaidi, nivo ikiwa mkononi, na kabati zisimame juu ya miguu ya sentimita 10 ili maji ya kusafishia yapite chini.

Na si kila chumba kinabeba U. Kabati ya chini ina kina cha sentimita 60. Pande mbili zinazotazamana zinakula 120, na katikati zinahitajika 120 nyingine ili mtu afungue mlango na mwenzake apite na sufuria ya moto. Chumba chenye upana chini ya metre 2 na sentimita 40 kipewe umbo la L, hata kama picha ya simu inasema vingine.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi kabisa ni moto. Jiko lile lilichorwa kwa nyumba yenye umeme usiku na mchana. Hapa mitambo ya maporomoko ya Tshopo ni ya enzi za Wabelgiji, na kila familia inajua giza lake. Umeme ukikatika, mama anafanya nini? Anawasha mbabula. Nje kunanyesha, kwa hiyo anaiingiza ndani ya U, katikati ya plastiki na gundi, dirisha limefungwa. Makala hayatoi moshi mwingi, na ndiyo hatari yake: gesi yake haina harufu wala rangi. Kichwa kinauma, usingizi unakuja, na asiyejua analala humo humo. Jiko zuri linaloweza kuua familia halifai pesa hata moja.

Kwa hiyo yule anayechora nyumba Makiso leo, kabla hajauliza rangi ya milango, atenge mkono mmoja wa U kwa matofali na simenti, metre moja tu inatosha, bila kabati juu yake, na juu yake bomba la moshi linalotoka nje ya paa. Mbabula ikae hapo. Dirisha upande mmoja, mlango upande wa pili, hewa ikatize. Na mbao azinunue siku ile ile anayoweka msingi, azipange juu ya vijiti chini ya paa la jirani. Kuta zikimaliza kupanda, nazo zitakuwa zinakaribia kukauka.