Habari za Mwili: Ghala Iliyomo Ndani ya Ini

Mtu alaye jioni, akalala, akaamka alfajiri na kushika jembe kabla ya kutia kitu kinywani, je, usiku ule mwili wake ulilishwa na nini? Ubongo haufungi kazi. Kila siku wataka sukari yapata gramu 120, nayo damu yote ya mtu mzima ina gramu 4 au 5 tu, ndiyo kijiko kimoja cha chai. Pasipo akiba mahali, tungalizimia kabla ya jogoo la kwanza.

Akiba hiyo imo katika ini. Aliyeivumbua ni Claude Bernard, mtaalamu wa Ufaransa. Mwaka 1855 alitwaa ini la mbwa aliyeuawa wakati ule ule, akapitisha maji katika mishipa yake yapata dakika 40, hata maji yakatoka pasipo dalili ya sukari. Akaliacha. Kesho yake akalipima tena, na kumbe, sukari tele! Ini lile halikulishwa kitu. Basi ikadhihirika ya kuwa ndani yake mna kitu kigeukacho kuwa sukari. Mwaka 1857 alifaulu kukitenga: unga mweupe, jamaa ya wanga wa muhogo, uitwao glikojeni. Ini la mtu aliyeshiba huweka yapata gramu 100. Misuli nayo ina ghala yake, tena kubwa zaidi, lakini ni bahili: iliyo nayo huitumia yenyewe, wala haiirudishi katika damu.

Funguo za ghala hushikwa na kongosho, tezi iliyolala nyuma ya tumbo la chakula. Hiyo hutuma wajumbe katika damu, waitwao homoni. Ukiisha kula ugali, sukari hupanda, naye mjumbe insulini huliambia ini, "Weka." Sukari ikishuka, hutumwa glukagoni, aliambie, "Toa." Mtu akifukuzwa na nyuki, adrenalini nayo huja kusukuma mlango. Njaa ikidumu yapata siku nzima, ghala hukaribia kuwa tupu, na ini hutengeneza sukari mpya kwa vitu vingine, hata kwa nyama ya misuli.

Katika ugonjwa wa kisukari, insulini imekwisha, au yasema isisikilizwe. Hapo ini huendelea kutoa ijapokuwa damu imejaa. Kwa hiyo mgonjwa aweza kulala bila kula, na asubuhi akapimwa sukari ikaonekana juu. Jamaa husema, "Amekula kwa siri." Huko ni kumsingizia, aliyemlisha usiku ni ini lake mwenyewe.

Tangu 11 Januari 1922, mtoto wa miaka 14 alipodungwa insulini kwa mara ya kwanza huko Toronto, wengi ambao wangalikufa wamekuwa hai. Lakini insulini ya sindano haijui kama mtu amekula. Hata damu ikiishiwa sukari, yaendelea kusema, "Weka," na mlango haufunguki vema.

Haya niliyajua kwa kuchelewa. Mtoto mmoja darasani mwangu, aliyekuwa akidungwa kila asubuhi, siku moja alitoka kwao pasipo kula. Saa nne akaanza kutetemeka na kutoa jasho, nikimwuliza hesabu akajibu maneno yasiyo na maana. Nikamkemea kwa utundu. Dada yake, mdogo kuliko yeye, ndiye aliyesimama akasema, "Mwalimu, mpe sukari." Tulikoroga vijiko vitatu vya chai katika maji, akanywa, na baada ya robo saa akaniuliza kwa nini watu wote wanamtazama.

Asipopata nafuu kwa muda huo, apewe tena. Akipata, ale chakula. Aliyezimia asitiwe kitu kinywani, maana atapaliwa. Alazwe ubavu, apelekwe hospitali hima.