Maji Tunayoyabeba na Maji Tunayoyaacha



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, mwezi wa Desemba unakaribia, shule zitafungwa, na misikiti yetu ya Ikwiriri na vitongoji vyake imeanza, kama ilivyo ada, kuandaa ziara na kambi za likizo kwa ajili ya vijana. Majina yanaandikwa, nauli zinachangwa, mchele na maharage vinatafutwa. Katika vikao vyote tulivyohudhuria hadi sasa, neno maji limetajwa mara moja tu, nalo lilitajwa na mpishi.

Tunaandika makala haya kwa sababu katika kambi iliyopita tulikosea, na kosa lenyewe hatulisikii likizungumzwa.

Tulikwenda vijana sitini na wasimamizi kumi katika kijiji kimoja cha pembezoni mwa delta, upande wa Kibiti. Jina lake hatutalitaja, kwa kuwa wenyeji wake walitusitiri, nasi hatuna haki ya kuwaanika. Tulifika adhuhuri kwa basi na lori, tukiwa na madumu manane ya maji. Kabla ya Alasiri yalikuwa yamekwisha, maana kila mmoja alitawadha kana kwamba yupo mbele ya bomba la mjini. Tukahamia kwenye simtanki ya msikiti. Siku ya pili ikakauka. Tukahamia kwenye kisima.

Aliyewahi kuishi delta anakijua kisima cha namna ile. Si kisima cha pampu. Ni shimo lililochimbwa mchangani, na maji yake matamu yanakaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Ukiteka kidogo kidogo yanajaa tena usiku. Ukiteka kwa pupa chumvi inapanda. Hali huwa tete zaidi kabla mvua hazijashika, pale mto unapopungua na bamvua likasukuma maji ya bahari ndani ya vijito. Sisi tulioga pale pale mdomoni mwa kisima, tukafua kanzu zetu, tukaosha masufuria ya pilau, na povu lote likarudi shimoni. Wapo pia, Allah atusamehe, waliojisaidia vichakani hatua chache kutoka hapo, kwa kuwa choo cha msikiti kilijaa siku ya tatu.

Siku ya kuondoka tuliomba dua, tukapiga takbira, tukapanda basi. Kupitia dirishani tuliwaona akina mama wenye ndoo vichwani wakikipita kisima chao bila ya kusimama, wakielekea kitongoji cha mbali. Hakuna aliyetulaumu. Mzee mmoja alituambia tu, "Karibuni tena, wanangu."

Watakuwepo watakaosema kwamba maji ni neema ya Allah, hayana mwenyewe, na kwamba mgeni ana haki juu ya mwenyeji wake. Yote mawili ni kweli. Lakini Mtume (S.A.W.) aliyetufundisha haki ya mgeni ya siku tatu ndiye huyo huyo aliyemkataza mgeni kukaa hadi akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Na katika mambo yanayomletea mtu laana alitaja kujisaidia penye maji yanakotekwa, njiani na kivulini. Imepokewa pia kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba alikuwa akitawadha kwa mudi moja, yaani ujazo wa viganja viwili vilivyounganishwa, kiasi kisichofika lita. Tunayasoma haya darsani, kisha tunafika kambini, kijana anafungulia maji, anasukutua, anamsalimia mwenzake, na maji yanakwenda.

Huko Ulaya zipo familia zinazosafiri likizoni na magari yenye nyumba ndani yake. Gari la namna hiyo lina tangi la maji safi, na lina tangi jingine linalopokea maji yaliyokwisha kuosha vyombo na miili. Kinyesi nacho kina chombo chake cha peke yake. Msafiri analazimika kujua tangi la kwanza limebakiwa na kiasi gani na la pili limejaa kiasi gani, na yale machafu anakwenda nayo hadi afike mahali palipotengwa kwa ajili ya kuyamwaga. Hawa hawana udhu wa mara tano kwa siku. Sisi tulio nao, tena tunaotambua kuwa twahara ni mlango wa ibada yetu, tunasafiri bila ya tangi la kwanza wala la pili. Hatusemi tununue magari hayo. Tunasema ile hesabu ya matangi mawili inatuhusu sisi zaidi kuliko wao.

Na tuifanye hesabu hiyo. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada huvifuata katika kambi za wakimbizi, vinaweka lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku kuwa kima cha chini. Sisi tulikuwa watu 70. Hiyo ni lita 1,050 kwa siku, sawa na madumu zaidi ya 52 ya lita 20. Tulibeba manane! Wakimbizi wamewekewa kiwango, na sisi tuliojiandaa kwa miezi miwili tulikwenda tukiwa chini yao, tukaifidia tofauti kutoka kwa mwenyeji.

Hapana shaka lori haliwezi kubeba lita 15 za kila mtu kwa siku tano. Lakini ya kunywa na kupikia linaweza. Tukikadiria lita 6 kwa mtu, tunahitaji lita 420 kwa siku, na kwa siku tano lita 2,100, yaani simtanki mbili za lita 1,000 na madumu matano. Mzigo huo unazidi tani mbili. Dereva aulizwe mapema kama gari lake linauhimili, simtanki zifungwe kwa kamba madhubuti, na zijazwe pomoni, kwani maji yaliyojaa nusu huyumba na kuliyumbisha lori kwenye kona. Madumu yaliyowahi kutiwa dizeli au dawa ya mikorosho yasiguswe kabisa, hata yaoshwe mara saba. Na dumu la kunywa lifungwe kitambaa cha rangi yake ili mtu asije akalitawadhia gizani.

Je, udhu na kuosha vyombo? Hapa delta imetujaalia jambo ambalo watu wa bara hawana. Sahaba mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu wasafiri wa baharini wanaobeba maji kidogo, ambao wakiyatawadhia watabaki na kiu, naye akawajibu kwamba maji ya bahari yanatwaharisha. Swali lile ni swali letu hasa. Maji ya kijito, japo yana chumvi, yanafaa kwa udhu, kwa kuoga na kwa kuosha vyombo mara ya kwanza. Yachotwe na watu wazima kwa ndoo yenye kamba wakiwa juu ya gati, wala vijana wasitumwe kushuka ukingoni, maana mamba wa Rufiji hawahitaji kuelezwa. Aidha, vimelea vya kipindupindu vinaweza kuishi katika maji yaliyochanganyika na chumvi penye midomo ya mito. Kwa hiyo kusukutua kuwe kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, na sahani zimaliziwe kwa maji ya moto. Tuliona ilivyokuwa ugonjwa huo ulipoanzia Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea mikoani. Pasipo na maji ya kutosha kwa kunywa, tayamamu ipo, na kijana aliyeona haya kutayamamu huku wenzake wana kiu hakufundishwa vizuri.

Kibuyu chirizi kinatosha kwa udhu wa watu kumi kwa dumu moja, na bado yanabaki. Tumekijaribu hapa Ikwiriri, nyuma ya msikiti, kabla ya kuandika haya.

Sasa tuje kwenye tangi la pili, ambalo ndilo lililotuaibisha. Maji ya udhu hayana sabuni. Yale matamu yanaweza kwenda kwenye migomba ya mwenyeji, naye akashukuru. Ya chumvi yarudi kijitoni. Maji ya sabuni na ya jikoni ni jambo jingine. Yachimbiwe shimo mbali na kisima, si chini ya mita 30, upande ambao ardhi inateremka kukihama kisima na si kukielekea. Juu ya shimo yatandazwe makumbi ya nazi ili yanase wali na mafuta, na makumbi hayo yafukiwe kila jioni, vinginevyo nzi watafika kabla ya Maghrib. Siku ya kuondoka shimo lifukiwe na kushindiliwa. Choo nacho kihesabiwe. Viwango vile vile vinataja choo kimoja kwa watu 20, kwa hiyo msafara wetu ulihitaji vyoo vinne nasi tukatumia kimoja cha msikiti, tena kilichojengwa kwa ajili ya waumini wa kijiji kidogo. Kwenye ardhi yetu ya bonde, ambayo ukichimba kidogo unakutana na maji, shimo refu ni hatari kuliko faida. Yachimbwe mashimo mafupi kadhaa kwenye mwinuko, kila anayetoka atupie majivu na udongo, na yafukiwe kabla hayajajaa. Atakayeona kazi hii ni duni asiandikishe jina lake.

Wazee wetu waliosafiri kwenda Kilwa kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 wanakumbuka kivuko cha Ndundu. Aliyechelewa alilala ukingoni, na mbele yake kulikuwa na kilomita 60 za tope hadi Somanga. Hakuna aliyetoka nyumbani bila ya chupa au kidumu chake. Lami imetuondolea dhiki ile, na pamoja nayo, tunadhani, imetuondolea tabia ya kufikiri juu ya maji kabla ya kupanda gari. Tunanunua chupa dirishani Kibiti, tunakunywa, tunaitupa chupa dirishani. Kisha ulipofika Aprili 2024 na mafuriko yakavifunika vijiji vya Rufiji na Kibiti, tuliona maji kila upande na ya kunywa yakiwa adimu, kwa kuwa choo na kisima vilikuwa vimekuwa kitu kimoja. Yaliyotupata kwa mafuriko tusiwafanyie wenzetu kwa uzembe wa siku tano.

Rai yetu kwa kamati za misikiti ni kwamba kila msafara uwe na amiri wa maji, mtu mzima asiyepewa kazi nyingine, mwenye daftari la kiasi kilichopo na funguo za simtanki. Asikubaliwe msafara wowote kuondoka hadi amiri huyo ameshakwenda kijijini siku kadhaa kabla, akaonyeshwa kisima kilipo, akakubaliana na wenyeji mashimo yatachimbwa wapi na kisima kitatekwa kiasi gani, au kisitekwe kabisa.

Kuhusu kijiji kile, maneno hayatoshi. Baadhi yetu tumekubaliana kurudi huko Jumamosi ya kwanza ya Desemba, kabla ya kambi, tukiwa watu wachache wenye majembe, kamba, ndoo, saruji mifuko mitatu na maji yetu wenyewe ya kunywa. Tumekwishamtumia salamu yule mzee naye ameridhia. Kisima kitateketwa hadi tope lionekane, tope litolewe, mdomo wake ujengwe ukingo ili maji ya juu yasirudi ndani, na kitiwe dawa chini ya usimamizi wa bwana afya. Choo cha msikiti kitachimbiwa kingine badala yake. Kinachokosekana hadi sasa ni pampu ndogo ya kuvutia maji, kwa kuwa kwa ndoo peke yake chumvi itatuwahi. Mwenye nayo atuazime kwa siku mbili. Aonane na imamu baada ya swala ya Ijumaa, na mafuta ya pampu tutaweka sisi.