Muuza hadi diski, andika 931 kwenye tangazo lako

Wapambanaji wenzangu mnaouza flashi na hadi diski mtandaoni, leo tuambiane ukweli. Kesi nyingi za "umenipiga" tunazitengeneza wenyewe kwa kukaa kimya.

Mteja kalipia 1TB. Kachomeka kwenye Windows, anaona 931GB. Hapohapo meseji inaingia: "GB zangu 69 ziko wapi?" Jibu ni hili: kiwandani GB 1 ni baiti bilioni 1 kamili, ila Windows inahesabu kwa 1,024. GB yake ni kubwa zaidi, ndiyo maana idadi inashuka. Diski hiyohiyo kwenye Mac za sasa inasoma 1TB. Hakuna aliyeibiwa.

Wapo wanaosema ukimwambia mteja mapema atakimbia. Mimi nakataa. Akikutana na 931 peke yake nyumbani, wewe ni tapeli. Akiisoma kwenye tangazo lako, wewe ni mtu unayeijua kazi yako. Andika wazi: "1TB, kwenye Windows inasoma 931GB." Ya 500GB itasoma kama 465.

Halafu kabla hujafunga mzigo, muulize maswali mawili:

1. Unaweka nini? Flashi iliyoformatiwa FAT32 haipokei faili moja la 4GB au zaidi, hata kama ina nafasi tele. Mtu wa video atasema umemuuzia kimeo. Mformatie exFAT.

2. Unachomeka wapi? TV na redio za gari za zamani nyingi hazisomi exFAT, huyo mwachie FAT32. Na anayetaka diski ya 3TB au 4TB kwa kompyuta ya zamani, mwambie kuna mpangilio unaitwa MBR ambao mwisho wake ni 2TB. Kinachozidi hapo hakitumiki mpaka diski ipangwe kwa GPT, na Windows XP ya kawaida haiisomi GPT.

Kwa nini nakazania hili? Kwa sababu matapeli wanajificha kwenye ukimya wetu. Kuna flashi feki zinauzwa bei ya kutupa, zimechezewa ili kompyuta isome 2TB wakati ndani kuna GB chache tu. Unajaza vizuri, kumbe mafaili yanapotea. Mpiga picha akipoteza harusi ya watu humo, utamrudishia nini? Hela ya flashi haitoshi.

Mzigo mpya ukiingia, upime kwa H2testw. Ni programu ya bure, inajaza flashi yote kisha inasoma tena kuona kama kila kitu kipo. Inachukua muda, ila iache ifanye kazi usiku wewe ukiwa umelala.

Mteja anayejua namba halisi harudi kugombana. Anarudi kununua.

Wewe kwenye matangazo yako unaandika namba ipi? Tuambie kwenye komenti.