Kabla ya Kuuza Maksai

Alikuja kliniki akiwa na daftari la shule lililokunjwa mara mbili katika mfuko wa koti. Alikuwa mzee wa Laela, mkulima wa mahindi na ulezi, mtu wa maneno machache. Ndani ya daftari alikuwa ameandika kila shilingi aliyoitumia kumtibu kijana wake ulevi: nauli ya watu wawili hadi jiji la mbali, ada ya miezi mitatu ya nyumba ya upataji nafuu, godoro, shuka, sabuni, na "mchango wa chakula" ambao hakuambiwa mapema. Juu kabisa ya ukurasa, mahali pa mapato, palikuwa na maneno mawili tu: maksai wawili. Kijana alirejea mwanzoni mwa Novemba akiwa amenenepa, msafi, mwenye kusalimia watu kwa adabu. Kufikia Krismasi alikuwa amerudi kilabuni. Mvua zilikwisha kuanza, na mzee hakuwa na cha kukokota plau. Aliniuliza: "Daktari, nilikosea wapi?"

Siku ile nilimliwaza tu. Makala haya ndiyo jibu nililopaswa kumpa.

Mzee hakukosea kutumia mali yake kwa ajili ya mwanawe. Aliuziwa sehemu moja ya tiba akiamini ni tiba nzima. Tiba ya uraibu wa pombe ina vipindi vitatu: siku chache za mwanzo ambazo zinaweza kuua, wiki au miezi ya kujifunza kuishi bila kilevi, na mwaka mzima au zaidi baada ya kurejea nyumbani. Cha kati ndicho chenye jengo, jina na ada, kwa hiyo ndicho kinachouzwa. Kile cha kwanza na cha tatu ndivyo vinavyoamua hatima ya mgonjwa, na kwetu Ufipa vyote viwili vinaweza kupatikana kwa gharama ndogo kuliko bei ya fahali mmoja.

Ili tuelewe kwa nini familia zetu huelekezwa mbali, tukumbuke huduma hizi zilikoanzia. Nyumba nyingi za upataji nafuu nchini zilizaliwa Zanzibar, Dar es Salaam na miji mingine iliyovamiwa na heroini, na kadhaa zilianzishwa na watu waliopona wenyewe, wakifuata mafundisho ya Hatua Kumi na Mbili. Ninawaheshimu sana; wameokoa watu ambao sisi waganga tuliwakatia tamaa. Serikali nayo ilianza kutoa methadoni Muhimbili mwezi Februari 2011, kisha Mwananyamala na Temeke, na baadaye huduma ikafika Mbeya. Lakini methadoni ni dawa ya waraibu wa heroini na jamii yake. Haitibu ulevi wa pombe. Familia inayosafiri kutoka Laela hadi Mbeya, takriban kilomita 230, ikiifuata methadoni kwa ajili ya mnywaji wa gongo, itarudi mikono mitupu.

Na tatizo letu kubwa hapa ni pombe: pombe ya ulezi, gongo ambayo sheria imeikataza bila kuikomesha, na vinywaji vikali vya chupa ndogo vilivyochukua nafasi ya viroba baada ya viroba kupigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017. Tofauti hii ni ya uhai na kifo. Arosto ya heroini ni mateso makubwa, lakini kwa nadra humwua mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine. Arosto ya pombe yaweza kuua. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka akikatishwa ghafla, huanza kutetemeka na kutokwa jasho ndani ya saa chache. Anaweza kushikwa na kifafa katika siku mbili za mwanzo. Na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, akaona wadudu ukutani, joto la mwili likapanda na moyo ukaenda mbio. Ndugu husema amerogwa. Wengine humfungia chumbani "mpaka pombe imtoke". Tafadhali, msifanye hivyo.

Dawa za kipindi hiki si za ajabu wala si ghali: diazepamu kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, vitamini B1, maji ya kutosha, na macho ya muuguzi usiku. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa mhGAP mwaka 2010 kwa ajili ya watoa huduma wasio mabingwa, yaani kwa ajili ya vituo kama vyetu. Aliyewahi kupata kifafa au kuweweseka akiacha pombe, mjamzito, mwenye ugonjwa wa ini au homa kali, huyo apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Sumbawanga, kilomita 95 za lami kutoka Laela. Akipelekwa moja kwa moja kwenye nyumba isiyo na mganga wala muuguzi, hata iwe na mahubiri mazuri namna gani, anawekwa hatarini.

Je, basi, hakuna anayepaswa kwenda mbali? Wapo. Yupo ambaye nyumba yake yenyewe ndiyo kilabu, yupo aliyejaribu mara kadhaa akishindwa, yupo anayetumia pombe pamoja na dawa nyingine. Kwa hao, kabla ya kutoa hata shilingi moja ya kishika nafasi, familia ipige simu au, afadhali zaidi, mtu mmoja atangulie kwenda kuona. Aulize nani atamwangalia mgonjwa usiku wa kwanza, na ana cheti gani. Aulize kama nyumba inatambuliwa na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ambayo ina namba ya simu ya bure 119. Aombe ada yote kwa maandishi, pamoja na yale ya "mchango". Aulize watamrejeshaje kijana, na nani atampokea. Akiona mnyororo, akasikia habari za viboko, au akaambiwa kwamba familia haitaruhusiwa kuzungumza na mgonjwa kwa miezi yote, ageuze njia hapo hapo. Anayeahidi kuponya kabisa kwa siku 90 nami simwamini.

Kuhusu malipo, wengi hawajui wanachostahili. Magonjwa ya akili yamo katika orodha ya magonjwa ya muda mrefu yanayohusika na sera ya msamaha katika vituo vya umma, na uraibu ni ugonjwa wa akili. Mgonjwa asiye na uwezo amwone afisa ustawi wa jamii kabla ya kukata tamaa dirishani. Mwenye kadi ya bima aitumie kwa siku zile za hospitali. Ila asitarajie kwamba bima italipia ada ya mwezi ya nyumba binafsi. Aulize kwanza, na jibu lisiwe la mdomo.

Ushauri wangu kwa familia yenye fedha kidogo ni kuitenga fedha ya mwaka wa kurejea kabla ya kulipia kitu kingine chochote. Nauli ya kuhudhuria kliniki. Mbegu na mbolea ya shamba dogo litakaloandikwa jina lake. Na liko jambo zito ambalo halimo katika daftari lolote. Katika kaya nyingi za kwetu mama au mke hupika pombe, na pombe hiyo ndiyo inayonunua sare za shule. Simlaumu. Lakini kumrudisha mgonjwa kwenye ua ambamo pipa linachemka ni kumwagia maji gunia lililotoboka. Je, mapishi yanaweza kuhamia kwa shemeji kwa msimu mmoja? Je, majirani wanaomwita kulima wanaweza kumlipa fedha au debe la mahindi badala ya kata ya pombe? Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo tayari hukutana kila wiki, bila ada. Zinaweza kumshika mkono mtu huyu, iwapo tu zitaacha kumhesabia dhambi kwanza.

Nasi watoa huduma tuna deni. Dodoso la AUDIT lina maswali 10 tu, lakini ni wangapi kati yetu huliuliza? Mgonjwa huletwa na kifafa cha pombe, tunamchoma sindano, tunaandika "aache pombe", na kumruhusu bila tarehe ya kurudi. Nimesikia pia kicheko wodini mlevi akitetemeka. Sidhani tungemcheka mwenye kisukari.

Mzee yule aliazima maksai wa shemeji yake msimu uliofuata. Kijana alilazwa Sumbawanga kwa siku sita, na tangu hapo hupanda basi kuja kliniki kila baada ya wiki mbili. Daftari ni lile lile, safari hii nauli zinaandikwa na kijana mwenyewe. Ameanguka mara mbili. Mara zote mbili alirudi bila kuletwa na mtu, na ile ya pili alifika akiwa bado ananuka pombe, akaketi kwenye benchi akasubiri zamu yake.