Ruhusa ya kuongeza chumba imetoka, lakini fundi angoje kidogo



Katika mkutano uliopita mama mmoja alituonyesha karatasi yenye muhuri. Shefu amekubali aongeze vyumba viwili nyuma ya nyumba. Tulipiga makofi, maana wengi wetu tuko na vyumba viwili tu, na watoto wakubwa, wavulana na wasichana, wanalala pamoja. Halafu akasema fundi anakuja siku ya nne kuchimba. Hapo tukamwomba angoje, na ndiyo maana tunaandika juma hili.

Karatasi ile inasema unaweza kujenga. Haisemi nyumba ni ya nani. Kwetu huku inaandikwa jina la baba, na hakuna anayeshangaa. Lakini manjanja yanatoka wapi? Kwa mama huyu yanatoka katika likelemba, zamu aliyoingojea mwaka mzima akiuza viazi na maharagi. Siku baba anafariki, ndugu zake wanakuja, wanasoma jina moja kwenye karatasi, na wanahesabu nyumba yote kuwa ya kaka yao, hata chumba kilichojengwa kwa makuta ya mjane. Sisi walimu tunaliona jambo hilo darasani: mtoto aliyefukuzwa kwao ndiye kiti chake kinabaki wazi.

Kode ya Jamaa ya 1987 inatulinda kuliko wengi wanavyofikiri. Kama siku ya kuandikisha ndoa hamkuchagua mpango mwingine, mali mliyopata ndani ya ndoa ni ya ninyi wawili. Baba akifa, watoto wake ndio wa kwanza, wanapata robo tatu ya urithi wake. Mjane, wazazi na ndugu wa marehemu wanagawana robo inayobaki, na mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi pamoja. Tarehe 15 Julai 2016 kode hiyo ilibadilishwa, na tangu hapo mke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya mume ili aweke sahihi yake kwenye mapatano. Ila haya yote yanasimama juu ya ndoa iliyoandikishwa ku etasivili. Mahari, hata kama ng'ombe walikuwa wengi, na baraka ya kanisa, haziwezi kujaza nafasi ya kitabu kile. Ambaye hajaandikisha anaweza bado kuandikisha, na tunaona ni vizuri afanye hivyo mbele ya kununua msumari wa kwanza.

Kwa hiyo muende wawili kwa shefu, mwombe majina mawili yaandikwe. Akikataa, andikeni karatasi yenu nyumbani: tarehe, makuta ya mama ni kiasi gani, ya baba ni kiasi gani, sahihi zenu na za washuhuda wawili, mmoja awe wa upande wa baba. Fakitire ya manjanja iandikwe jina la aliyelipa. Karatasi hizi zisikae ndani ya nyumba moja tu, kwa sababu tunajua tulivyokimbia na tulichokuta tuliporudi. Na ukitaka kuongea na papa watoto juu ya jambo hili, usianze na neno la kifo. Anza na watoto, baada ya kula.

Kisha maji. Karuba ni milima, na miti mingi tulishaikata kwa malisho na makala. Tarehe 4 Mei 2023, ng'ambo kule Kalehe, mafuriko na udongo vilifunika Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 walikufa. Kuchimba mlima nyuma ya nyumba ili kupata nafasi ya chumba ni kuukata mguu mlima huo. Kama unaweza, ongeza kwa upande, si kwa nyuma. Kama hakuna nafasi nyingine, mfereji uchimbwe kwanza, juu ya chumba, nao usimwage maji katika parseli ya jirani wa chini. Mwite huyo jirani na wa juu, mtembee pamoja kwenye mpaka mbele ya shefu. Wengi wamerudi na mipaka ya zamani imesahauliwa, na ugomvi wa hatua moja unaweza kusimamisha kazi.

Juu ya vifaa, mbao zinunuliwe mapema kuliko vyote. Ubao wa mkaratusi uliotoka tu kwenye msumeno unakauka ukiwa ukutani, unajikunja, na kufikia mwezi wa tisa kidole kinapita kati ya mbao mbili, pamoja na baridi yote ya Karuba. Zipangwe kivulini, vijiti vikiwekwa katikati ili upepo upite, zikae majuma mengi. Jenga mwezi wa sita hadi wa nane, wakati mvua ni chache. Juu ya manjanja, uliza namba: BG 28 ni nzito kuliko BG 32, namba ikipanda bati linakuwa jepesi. Na pale paa jipya linapokutana na la zamani, bati jipya liingie chini ya lile la zamani, la sivyo chumba kitavuja pale pale kila mwaka. Weka na mfereji wa bati: paa la mita 4 kwa 3, mvua ya milimita 10 ikinyesha, linatoa litre 120, yaani bidoni sita ambazo msichana hatazibeba.

Fundi alipwe mara tatu, na iandikwe: akianza, akimaliza paa, na sehemu ya mwisho mvua ya kwanza ikishapita bila kudondoka ndani.